Pasipoti Kisumu, Nakuru na Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetoka Ugunja, Mumias, Kericho au Molo akiwa na nauli ya kwenda na kurudi mara moja tu. Mtu huyo akifika ofisini na karatasi moja pungufu, siku imekwenda hivyo, na mara nyingi hapo ndipo anapokutana na jamaa wa pembeni anayemwambia, "Toa chai kidogo, nitakusaidia." Kazi yangu mjini Kisumu ni kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali, na ninaamini kwamba anayejua ombi lake linapita kwa nani na kwa nini hana haja ya wakala. Ndiyo maana baadhi ya majibu hapa ni marefu.

Pasipoti ni haki yangu, au serikali inanifadhili tu?

Ni haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine za utambulisho ambazo serikali huwapa raia. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba pasipoti inaweza kunyimwa, kusimamishwa au kuchukuliwa kwa kufuata sheria ya Bunge peke yake. Sheria hiyo ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011.

Wazee wetu hawakuwa na kinga hii. Katika miaka ya 1980, kwenye kesi ya John Harun Mwau, mahakama ilichukulia pasipoti kuwa jambo la hiari ya serikali, na wakosoaji wengi wa enzi hiyo walinyang'anywa zao bila maelezo. Kwa hiyo ukifika dirishani, simama kama mwenye haki. Zungumza kwa heshima, lakini usiombe kama anayeomba msaada.

Ni lazima niende Nairobi?

Hapana. Kwa miaka mingi watu wa huku walikuwa na ofisi ya Kisumu tu, na aliyeona foleni yake ndefu alipanda basi la usiku hadi Nyayo House, makao ya Uhamiaji Nairobi. Siku hizi kuna ofisi pia Eldoret, Nakuru na Kisii. Unachagua kituo wewe mwenyewe unapojaza ombi kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na huulizwi umezaliwa kaunti gani. Mtu wa Kericho anaweza kwenda Kisumu au Nakuru, mtu wa Bungoma akaenda Eldoret au Kisumu, mtu wa Migori akaenda Kisii. Angalia nauli na tarehe zilizo wazi.

Jambo moja tu la kuzingatia: kituo ulichochagua ndicho utakachorudi kuchukua pasipoti. Usichague Nairobi kwa sababu binamu yako anaishi Umoja, kisha binamu akahama.

Ndani ya ofisi kazi imepangwaje? Mbona napelekwa dirisha hili na lile?

Swali hili watu huliuliza wakiwa wamekasirika, nami naelewa. Umesimama nusu saa, umefika mbele, unaambiwa nenda kule. Lakini mpangilio huo una sababu yake.

Kazi inaanzia kwako nyumbani. Ombi linajazwa kwenye eCitizen, unalipa, unachagua siku ya kufika, kisha unachapisha fomu na ankara. Ofisi inapokuona asubuhi tayari inajua kwamba unakuja. Ndiyo maana aliyefika saa kumi na moja alfajiri bila miadi anaweza kumwona wa saa nne akitangulia. Si upendeleo. Foleni inafuata orodha ya siku.

Mlangoni utakaguliwa na kuulizwa karatasi ya miadi. Kisha kuna afisa wa kupokea na kukagua hati. Huyu anashika hati zako halisi mkononi, anazilinganisha na nakala, na anasoma majina herufi kwa herufi. Watu wengi hukwama kwake, na ni afadhali wakwame hapo kuliko ombi lisafiri hadi Nairobi na kurudishwa. Ukimpita, unaenda kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kuweka sahihi. Hatua hii haina mbadala. Hakuna mtu anayeweza kukutolea alama za vidole, na atakayekuambia kwamba ana njia anakudanganya.

Baada ya hapo wewe umemaliza, lakini ombi ndilo linaanza safari. Taarifa zako zinalinganishwa na rekodi za usajili wa watu, afisa mwingine anaidhinisha, kisha kitabu kinachapwa, kinakaguliwa na kutumwa kituoni kwako. Aliyepokea karatasi zako si lazima awe ndiye anayeidhinisha, na anayeidhinisha si yule anayechapa. Kazi ikigawanywa hivi, inakuwa vigumu kwa mtu mmoja kutengeneza pasipoti ya uongo peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwananchi anaona usumbufu, lakini kwangu huo ndio uhai wa hati yenyewe. Pasipoti ya Kenya ikianza kutolewa kiholela, maafisa wa uwanja wa ndege wa Doha au Frankfurt watamtilia shaka kila Mkenya, hata yule aliyepata yake kwa njia safi.

Kwa nini wasichape hapa Kisumu nikaondoka nayo?

Kwa miaka mingi uchapaji umekuwa Nyayo House, Nairobi. Pasipoti ya sasa ina chipu inayobeba taarifa na picha yako, na lazima ifuate viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga ili mashine za nchi nyingine ziisome. Mashine za kuchapa kitabu kama hicho ni ghali na ni chache.

Udhaifu wa mpango huo tuliuona waziwazi 2023. Mashine zilikuwa chakavu na zikawa zinaharibika, vitabu vikapungua, na maombi yakarundikana nchi nzima. Maafisa wa Kisumu walikuwa wakifanya kazi yao vizuri na bado hawakuwa na la kumwambia mwananchi, maana kizuizi kilikuwa Nairobi. Vijana waliokuwa wamepata kazi Ghuba au nafasi ya masomo walikosa tarehe zao. Baadaye zilinunuliwa mashine mpya na mrundikano ukapungua sana. Mimi bado nasema kwamba nchi yenye watu wanaosafiri kwa wingi namna hii haipaswi kutegemea chumba kimoja.

Kwa hiyo nitasubiri muda gani?

Usipange safari kwa ahadi uliyosikia redioni. Fuatilia hali ya ombi kwenye akaunti yako ya eCitizen, na ujipe nafasi: anza mapema kabla hujanunua tiketi wala kuahidi mwajiri tarehe. Desemba na wakati wa vyuo vya nje kufungua, watu huwa wengi.

Ada ni kiasi gani?

Tangu ada zilipopandishwa 2024, pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, ya kurasa 50 ni 9,500, na ya kurasa 66 ni 12,500. Ile ndogo ilikuwa 4,500 kabla ya hapo, kwa hiyo usishangae jirani akikutajia bei ya zamani. Kiasi halisi utakachodaiwa kitatokea kwenye ankara ya eCitizen, na hicho ndicho cha kulipa.

Kwa mtu anayesafiri mara chache, kurasa 34 zinatosha. Mfanyabiashara anayevuka mipaka na kugongewa mihuri kila wiki ana sababu ya kuchukua kubwa.

Malipo yanapitia eCitizen, kwa M-Pesa au njia nyingine inayoonyeshwa pale. Namba ya malipo ya serikali ni 222222. Hakuna ada inayolipwa taslimu kwa afisa dirishani wala kutumwa kwa namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba, ni ya ofisi," ondoka.

Nibebe nini?

Kitambulisho halisi na nakala yake, cheti halisi cha kuzaliwa na nakala, nakala za vitambulisho vya wazazi, nakala ya kitambulisho cha anayekupendekeza, fomu na ankara zilizochapishwa (toa nakala tatu), na pasipoti ya zamani ikiwa unayo. Anayekupendekeza awe Mkenya anayekujua kweli na anayepatikana kwa simu: mwalimu wako, mchungaji, chifu. Usichukue jina la mtu uliyekutana naye kwenye saiba (duka la intaneti) asubuhi hiyo.

Toa nakala ukiwa mjini kwenu. Karibu na ofisi za serikali nakala huwa na bei yake.

Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kitambulisho. Nifanyeje?

Kama kuna swali moja ningetaka kila mtu wa Nyanza na Magharibi alisome kabla ya kulipa chochote, ni hili.

Majina yetu hayakuandikwa kwa urahisi. Mtoto anazaliwa anaitwa Okoth, karani anaandika Okodh. Anabatizwa akiwa darasa la tano, jina la ubatizo linaingia kwenye cheti cha shule na kitambulisho, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa halipo. Kwa Wakalenjin, baba yuko kwenye karatasi moja kama arap Koech na kwenye nyingine kama Kipkoech. Kwa Waluhya, mtoto amepewa jina la babu, shuleni akaandikishwa kwa jina la baba. Nyumbani hakuna anayeona tatizo, maana kila mtu anajua huyu ni nani. Afisa wa kukagua hati hakujui, na mbele yake kuna karatasi mbili zinazoonekana kuwa za watu wawili.

Weka hati zako zote mezani nyumbani uzisome pamoja: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vitambulisho vya wazazi, vyeti vya shule. Angalia mpangilio wa majina, herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ya tarehe ni nzito kuliko ya herufi.

Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, nenda kwa msajili wa vizazi na vifo akarekebishe. Kama liko kwenye kitambulisho, nenda ofisi ya usajili wa watu. Kama umebadilisha jina kabisa, utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina iliyotayarishwa na wakili na kusajiliwa. Kwa tofauti ndogo, watu huenda kwa wakili au mahakamani kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, lakini kiapo hakimlazimishi afisa kukubali kila kitu. Kurekebisha chanzo ni bora hata kama kunachukua wiki kadhaa.

Dada zetu walioolewa na kuchukua jina la mume kwenye kitambulisho wabebe cheti cha ndoa. Kama ndoa ni ya kimila na haijasajiliwa, tangulia kuisajili. Usiende ukitumaini kwamba afisa atakuelewa tu.

Na tafadhali, usikubali mtu akutengenezee cheti kipya chenye jina linalofanana. Cheti cha bandia kinageuza tatizo la herufi kuwa kosa la jinai, na alama zako za vidole ziko kwenye mfumo kwa jina hilo.

Mama yangu ana miaka 68 na hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Anataka kumtembelea ndugu yangu Marekani.

Wamama wengi wa umri wake walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, na hakuna aliyewaandikisha. Anaweza kuomba usajili wa kuchelewa kwa msajili wa vizazi wa eneo alikozaliwa. Anzia kwa chifu, nenda na kitambulisho chake na hati yoyote ya zamani iliyo na jina lake: kadi ya ubatizo, cheti cha shule kama alisoma. Jitayarishe kwa safari zaidi ya moja. Ombi la pasipoti lianze baada ya cheti kupatikana, na viza ya Marekani ni jambo jingine kabisa linalokuja baadaye.

Mzazi wangu alifariki. Au: baba yangu simjui.

Aliyefiwa apeleke nakala ya cheti cha kifo mahali pa kitambulisho cha mzazi huyo. Kama cheti chako cha kuzaliwa kina jina la mama peke yake, leta kitambulisho cha mama. Usiandike jina la mjomba kama baba ili fomu ionekane imejaa. Hakuna aibu yoyote katika kusema ukweli kwenye fomu, na afisa husikia hali kama yako kila siku.

Nataka kumchukulia mtoto pasipoti.

Mtoto lazima aende mwenyewe. Mbebe na cheti chake halisi cha kuzaliwa, na vitambulisho na ridhaa ya wazazi walioandikwa kwenye cheti hicho. Mkiwa mmeachana, malizeni suala la ridhaa kabla ya siku ya miadi. Penye ugomvi, ni amri ya mahakama itakayosaidia, na ofisi ina haki ya kuidai kwa sababu watoto huvushwa mipaka bila mzazi mmoja kujua. Shangazi au nyanya anayemlea mtoto aje na hati za ulezi.

Kijana wa saiba anasema atanifanyia kila kitu. Kuna ubaya?

Kulipia usaidizi wa kujaza fomu si vibaya. Wengi hawana kompyuta, na vijana wa saiba kule Kondele au Bondeni wanajitafutia riziki kwa kazi halali. Ubaya unaingia hapa: anafungua akaunti ya eCitizen kwa namba yake ya simu na nywila anayoijua yeye. Kuanzia hapo ujumbe wa ombi lako unaenda kwake, na kila ukitaka kujua limefika wapi unamlipa tena. Nimewaona watu wakidaiwa pesa ili waonyeshwe ankara yao wenyewe.

Akaunti ifunguliwe kwa namba yako na barua pepe yako. Nywila uiandike wewe. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti, na umwombe afute picha za kitambulisho na cheti chako kwenye kompyuta yake mbele ya macho yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, lakini kinga ya kwanza ni kutoziacha ovyo. Nakala ya kitambulisho inaweza kusajili laini ya simu au kuombea mkopo.

Yule anayesimama nje ya jengo akisema ana mtu ndani ni habari nyingine. Ombi lako likipita kwa kawaida, atadai ni yeye aliyelisukuma. Likikwama, hapatikani. Na ikiwa kweli ana mtu ndani, basi umelipa hongo, nawe una kosa. Ukiombwa pesa na afisa, andika tarehe, saa na dirisha, kisha piga simu ya bure ya tume ya kupambana na ufisadi, EACC, namba 1551. Tume hiyo ina ofisi Kisumu.

Nahitaji pasipoti kwenda Uganda?

Hapana, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya anayeingia Uganda au Rwanda, na mfanyabiashara wa Busia au Malaba analijua hilo. Pitia mpakani rasmi, ugongewe hati. Kwa Tanzania, kupitia Isebania au kwingineko, beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe kila mara.

Bado nina ile ya zamani isiyo na chipu.

Haitumiki tena. Pasipoti za kielektroniki za Afrika Mashariki zilianza kutolewa 2017, na baada ya kuahirishwa mara kadhaa, tarehe ya mwisho ya ile ya zamani ilikuwa 30 Novemba 2022. Ibebe unapoomba mpya.

Imepotea.

Nenda kituo cha polisi leo, uandikishe kwenye kitabu cha matukio na upewe abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha kwamba umeripoti. Kisha omba upya. Ada ya iliyopotea ni kubwa kuliko ya kawaida, na utaulizwa maswali zaidi kwa sababu kitabu halali kilicho mikononi mwa mwingine ni hatari kwako na kwa nchi. Ukiwa nje ya nchi, nenda ubalozini.

Wakala wa kazi za Ghuba anataka kunishikia pasipoti.

Usikubali. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya iliyo mikononi mwako, na wakala wa ajira hana mamlaka ya kuifungia kwenye droo yake kama dhamana. Mruhusu atoe nakala, basi. Kabla ya hapo, hakikisha kampuni yake iko kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukifika ugenini na mwajiri akaichukua, utahitaji kujua namba ya pasipoti, kwa hiyo mwachie dada au mzazi nakala ya ukurasa wa picha. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mabinti wa vijiji vyetu wamekwama ugenini, na walichonyang'anywa kwanza ni kitabu hiki.

Mzee wangu hawezi kusimama kwenye foleni.

Mweleze mlinzi au afisa wa mlangoni mara mnapofika. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na watu wenye ulemavu hupewa nafasi mbele. Mtu mmoja wa familia aweza kuandamana naye hadi ndani.

Ombi langu limekataliwa, au limekaa kimya kabisa.

Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinakupa haki hiyo. Mara nyingi sababu ni hati fulani iliyokosekana au jina, na linarekebishika.

Kama ni kimya, rudi kituoni na namba ya ombi, uulize liko hatua gani: limepokewa, limeidhinishwa, limechapwa au limetumwa. Swali kama hilo linamfanya afisa aangalie mfumo badala ya kukujibu "bado." Andika jina la hatua na tarehe. Usipopata jibu, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita Ombudsman. Huhitaji wakili, huduma ni bure, na barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe inatosha.

Nimepata ujumbe kwamba iko tayari. Naweza kumtuma kaka anichukulie?

Nenda mwenyewe na kitambulisho halisi, na pasipoti ya zamani kama unayo. Hapo hapo dirishani, kabla hujaondoka, fungua kitabu usome jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho. Kosa likionekana ukiwa bado mbele ya afisa, linaandikwa na kurudishwa siku hiyo. Ukiligundua nyumbani Siaya, itabidi uanze kwa kueleza ulikuwa wapi nayo.

Na usiiache kabatini mwa ofisi kwa miezi. Weka sahihi mahali pa sahihi, toa nakala mbili za ukurasa wa picha, na uandike mahali salama mwaka itakapoisha. Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita.